Sanduku la Funguo Tatu

Noti za kwanza nilizozizoea mkononi zilikuwa noti zilizokufa. Nilikuwa na miaka 11. Tulikuwa tukicheza duka nyuma ya nyumba yetu hapa Wamaza, eneo la Kabambare, jimbo la Maniema nchini Kongo, na wakati watoto wa majirani wakilipana kwa majani ya mwembe, mimi na dada yangu tulilipana kwa zaire za kweli: noti za 10, zenye sura ya rais Mobutu na chui, zimefungwa mafungu kwa kamba za mgomba, bado zinanuka karanga. Baba akatukuta. Alisimama kwenye mlango wa jiko akatutazama kwa muda mrefu, nasi tukangoja fimbo. Fimbo haikuja. Alisema tu, "Chezeeni, wanangu. Hazina kazi nyingine."

Baba alikuwa mchuuzi wa mchele na karanga. Alinunua vijijini hadi upande wa mto Luama, akajaza magunia, akayafunga juu ya baiskeli na kuyasukuma hadi Kasongo. Nasema kuyasukuma kwa sababu baiskeli yenye mzigo ule haipandwi. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani, nyingine husimamishwa nyuma ya kiti, na mtu hutembea ubavuni mwake kama anayemsindikiza mgonjwa. Faida aliyoipata aliiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo akalifukia chini ya kitanda. Hakuwa bahili, wala hakuwa mshamba asiyejua benki. Benki ilikuwa mbali, nayo mvua za Maniema hazimngojei mtu. Mpunga ukivunwa unataka pesa taslimu siku hiyo hiyo.

Tarehe 25 Desemba 1979, majirani zetu Wakristo wakiwa kwenye sikukuu yao, redio ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimefutwa. Zilitolewa siku chache za kuzibadilisha, kiasi cha kubadilisha kikawekewa kikomo, na mipaka ya nchi ikafungwa. Baba alifukua kopo usiku ule ule. Alihesabu kwa mwanga wa koroboi, Mama akashika taa, mimi nikipanga mafungu ya kumi kumi. Alfajiri aliondoka na baiskeli tupu kwenda Kasongo. Sikuwahi kuiona baiskeli ile ikiondoka bila gunia.

Alirudi siku ya tano, matope hadi magotini. Alikuwa amelala kwenye foleni kwa siku mbili, amewaona wenye kujuana na wakubwa wakipita mlango wa nyuma na mabegi yao, na zamu yake ilipofika alibadilishiwa sehemu ndogo tu. Zilizobaki alizirudisha nyumbani. Mama alitaka kuziwashia moto, Baba akakataa. Jioni ile alisema neno ambalo nimeishi nalo hadi leo, na ndilo linaloniandikisha kumbukumbu hii: "Serikali imenikopa bila kupiga hodi."

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba Baba hakuwa akilalamika tu. Alikuwa ameeleza, kwa maneno matano, jinsi mgogoro wa mikopo wa taifa unavyoingia katika nyumba ya mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bei ya shaba ilikuwa juu, na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ikakopa kwa mabenki ya Ulaya na Marekani kama mtu aliyeahidiwa mavuno ya milele. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wazalendo, na mengi kati ya hayo yakafilisika mikononi mwa waliopewa. Kisha bei ya shaba ikaanguka. Kufikia 1975 nchi ilikuwa haiwezi kulipa, na mwaka 1976 wadai wake walikutana Paris kupanga upya madeni. Shirika la Fedha la Kimataifa lilimleta Mjerumani, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Benki ya Zaire aifunge mifereji ya kuvuja. Alikuja 1978, akaondoka 1979 bila kuifunga, na ripoti yake ya baadaye iliwaonya wadai kwamba wasitegemee kulipwa. Kufutwa kwa noti kulikuja mwisho wa mwaka huo huo. Walisema pesa zimezidi mikononi mwa watu, na kwamba watapatikana walanguzi na wafanya magendo. Aliyepatikana ni msukuma baiskeli wa Wamaza.

Sisi watu wa upande wa Kasongo si wageni wa mikopo. Mji wenyewe ulisimama juu ya deni. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliingia Maniema kwa bidhaa alizokopeshwa Zanzibar na tajiri Taria Topan, na pembe za ndovu zilizotoka huku zilikwenda kulipa kule. Mali ile ilikuwa na damu ya watumwa ndani yake na sitaisifu. Naitaja kwa sababu moja. Mkopeshaji alimjua mkopaji kwa uso na kwa ukoo, na wote wawili walijua kinachodaiwa ni nini. Sisi tulikuja kudaiwa madeni ambayo hatukuyaona yakichukuliwa, na kulipishwa kwa njia ambayo hatukuiona ikipita.

Mwaka 1990 nilianza kufundisha hesabu. Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alikuwa Kinshasa, na Baba, ambaye hakuwahi tena kufukia kopo, alimpelekea pesa za misimu miwili amtafutie spea za baiskeli na vitambaa vya kuuza huku. Ulikuwa wakati wa michezo ya pesa. Bindo Promotion ndiyo iliyovuma kuliko zote, na nyingine nyingi zilifuata: unaweka fedha zako leo, baada ya wiki chache unarudishiwa mara kadhaa. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa pesa za waliokuja nyuma yao. Yaya akaziweka fedha za Baba katika mchezo mmojawapo, nisioutaja. Barua yake ilifika kwa mkono wa abiria wa ndege ya Kindu: "Baba, pesa yako nimeipanda. Ngoja mavuno." Katikati ya mwaka 1991 michezo ile ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Mwezi Septemba wanajeshi wasiolipwa wakapora Kinshasa, na miji mingine ikafuata.

Watu wa vitabu husema wananchi walikuwa na tamaa. Nakataa. Wakati ule bei zilikuwa zikipanda kila wiki, na aliyeweka pesa yake benki kwa uaminifu alikuwa akiiona ikiyeyuka ndani ya daftari. Mtu anayekimbia nyumba inayowaka haulizwi kwa nini ameingia kwenye nyumba ya jirani bila kukagua paa lake. Waliopaswa kuikagua walikuwa wenye dhamana ya kusimamia fedha, na nchi nzima iliona michezo ile ikiendeshwa mchana kweupe. Yaya hakurudi Wamaza hadi Baba alipofariki. Aliogopa macho yake.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, kwa maana hata kuikumbuka inachosha. Januari 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, noti ambazo waziri mkuu Étienne Tshisekedi alikwisha kusema si halali. Wafanyabiashara walizikataa, na bunduki zikajibu. Oktoba mwaka huo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Wakasai waliikataa kabisa wakabaki na noti zao chakavu, na bei kwao hazikukimbia kama kwetu. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 9,800. Mimi nilikuwa nikilipwa na wazazi wa wanafunzi kwa mchele, kuku na chupa za mawese, na nilikuwa na nafuu kuliko mwalimu wa mjini aliyelipwa noti.

Tarehe 30 Juni 1998 faranga ikarudi. Faranga moja ilikuwa zaire mpya 100,000. Niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita hesabu hiyo ubaoni, wazidishe kurudi nyuma hadi kwenye zaire aliyoitumia Baba. Mtoto mmoja wa kike alimaliza kwanza, akaitazama sana tarakimu yake akidhani amekosea. Ilikuwa zaire bilioni 300 kwa faranga moja. Alikuwa hajakosea. Niliwaambia kwamba mwaka 1967, zaire ilipozaliwa, moja tu ilikuwa na thamani ya dola 2. Darasa zima lilinyamaza.

Mwezi mmoja baadaye vita vikaanza. Kindu ilianguka mikononi mwa waasi wa RCD mwezi Oktoba, na kwetu watu wakaingia msituni. Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu huku msituni ndiko nilikojifunza fedha ni nini.

Kitu kilichotutesa kuliko njaa ni kukosa chumvi. Barabara ya Kasongo ilikuwa imefungwa, ya kwenda ziwani vilevile, na chumvi ikawa inapimwa kwa kijiko cha chai, kijiko kimekatwa kwa kisu kisiwe na kilima juu. Nimeona kuku mzima akitolewa kwa vijiko vichache. Mama alikuwa na mfuko mdogo aliokimbia nao kiunoni. Mwaka 1999, jirani wa kambi yetu ya msituni, mtu wa kijiji cha mbali ambaye hatukuwa tukimjua kabla, alikuja usiku, mke wake amejifungua na miguu imevimba, naye hana cha kutoa. Mama alimpimia vijiko vinne. Hakuna aliyeandika. Mtu yule alisema, "Mama, nitakumbuka," kisha siku chache baadaye milio ya risasi ikatutawanya, na kila mmoja akaenda njia yake.

Mwaka 2004 amani ilikuwa imeanza kurudi. Asubuhi moja mwanamume akaingia uani akiwa na mtoto wa miaka mitano na paketi ya chumvi ya nusu kilo. Alikuwa ametembea siku mbili. Alipiga magoti mbele ya Mama akasema, "Mama, nimekuja kulipa vile vijiko vinne, na huyu ndiye aliyevila." Mama alilia. Alipima vijiko vinne, akavikata kwa kisu kama alivyofanya msituni, na iliyobaki akamrudishia mtoto.

Katika miaka hiyo mitano sarafu mbili zilikuwa zimepita mikononi mwetu na serikali tatu zilikuwa zimetutoza kodi. Deni la chumvi lilibaki na thamani yake ile ile.

Sisemi haya ili kuzidharau sera za Kinshasa. Kuna mageuzi ambayo nayaheshimu, na vijana wanaodhani kwamba kila kitu cha serikali ni bure wanapaswa kuyajua. Mei 2001, Joseph Kabila akiwa na miezi michache madarakani, serikali iliacha kujidai kwamba dola moja ni faranga 50, ikaiacha sarafu itafute bei yake sokoni, nayo ikasimama zaidi ya 300. Waziri wa fedha Matungulu Mbuyamu na gavana wa Benki Kuu Jean-Claude Masangu walishika kanuni moja ngumu: serikali itumie kilichoingia tu, na mashine ya kuchapa noti isiwe kibeti chake. Mwaka 2002 zikapitishwa sheria mpya, moja ya kuipa Benki Kuu uhuru wake, nyingine ya kusimamia mabenki, nyingine ya vyama vya ushirika wa akiba na mikopo. Mfumuko wa bei uliokuwa zaidi ya asilimia 500 mwaka 2000 ukashuka hadi karibu 16 mwaka 2002.

Kwa mtu asiye na elimu ya uchumi, maana yake ni hii: mwanamke wa Wamaza aliyeuza karanga Jumatatu aliweza kununua sabuni Ijumaa kwa bei ambayo aliifikiria tangu Jumatatu. Ni jambo kubwa. Baba angelifurahia. Hakuna msaada wa nje ulioweza kulingana na wiki moja ambayo bei haikubadilika.

Gharama yake pia ilikuwapo. Kutumia kilichoingia tu, katika nchi ambayo kilichoingia ni kidogo na cha kwanza kinakwenda kwa wakubwa, kulimaanisha kwamba barabara na mwalimu walisubiri. Tulisubiri sana. Mwaka 2008 mgogoro wa mikopo ya nyumba uliozaliwa Marekani ukaishusha bei ya shaba, migodi mingi ya Katanga ikafungwa, na mwanzoni mwa 2009 akiba ya Benki Kuu ilikuwa haitoshi kuagiza bidhaa za wiki moja. Faranga ikateleza tena, na sisi tusiochimba shaba tulilipia kwenye bei ya mafuta ya taa. Julai 2010 nchi ilifutiwa deni la dola zaidi ya bilioni 12. Nilipowasomea habari hiyo wazee wa baraza, mmoja aliuliza: "Mwalimu, lilikuwa deni la nani?" Nilimweleza habari za shaba na miaka ya 1970. Akasema, "Basi mimi nililipa kabla hawajasamehe."

Mwaka 2011 serikali ilianza kulipa mishahara kwa njia ya benki. Aliyekuwa waziri wa fedha wakati huo, na baadaye waziri mkuu, ni mtoto wa Maniema, Matata Ponyo Mapon, aliyezaliwa Kindu. Kabla ya hapo mshahara wa mwalimu ulisafiri mkononi mwa watu, na kila mkono ulibakiza kidogo. Tulipolipwa kwa orodha yenye majina yetu, mara ya kwanza nilipokea kiasi kilichoandikwa, sikuamini. Nilihesabu mara tatu mbele ya mlipaji, naye hakukasirika. Pale pasipokuwa na benki, kazi hiyo ilipewa shirika la Caritas na baadaye makampuni ya simu. Lakini kutoka hapa, kupokea mshahara kulikuwa safari ya pikipiki, nauli ya kwenda na kurudi, usiku mmoja mjini, na darasa lisilo na mwalimu. Na siku nyingine ukifika unaambiwa pesa haijafika, rudi wiki ijayo. Ndipo wengi wetu tulipoingia kwa wakopeshaji wa riba kali, wale ambao Kongo nzima huwaita lamberi: unachukua 50, mwisho wa mwezi unarudisha 75, na kadi yako inabaki kwake.

Kisha ikaja 2016. BIAC, benki iliyokuwa na matawi mengi na iliyolipa watumishi wengi wa serikali, iliishiwa pesa taslimu baada ya Benki Kuu kusimamisha mikopo iliyokuwa ikiipa. Ikawekwa chini ya usimamizi maalumu. Mshahara wangu haukupitia huko, hivyo sina dai langu binafsi. Ninachokumbuka ni walimu wenzangu wa sehemu nyingine wakinipigia simu kuniuliza mimi, mwalimu wa kijijini, kama nimesikia lolote. Watu wenye akiba ndio walikuwa wa mwisho kujua. Foleni ilikuwa ile ile aliyoilala Baba, isipokuwa sasa watu walikuwa na simu mkononi.

Sanduku letu lilizaliwa kabla ya hapo. Watu wa shirika moja la misaada walipita hapa wakafundisha AVEC, yaani vikundi vya kijiji vya kuweka akiba na kukopeshana. Likelemba tulikuwa nayo tangu zamani: watu kumi wanachanga, mmoja anabeba, zamu inazunguka. AVEC iliongeza daftari na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu wasio wa ukoo mmoja, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Tuko 25. Kila Alhamisi tunakaa duara chini ya mwembe ule ule ambao majani yake yalikuwa pesa za utotoni. Wenye funguo wanafungua mbele ya wote, mweka hazina anahesabu kwa sauti, wahesabuji wawili wanarudia, na kila mtu anatakiwa kushika kichwani ile jumla ya mwisho. Wiki inayofuata, kabla ya kufungua, anachaguliwa mmoja aitaje. Mara nyingi huulizwa bibi mmoja asiyejua kusoma. Hajakosea hata siku moja.

Mwanzoni tulikwama kwenye riba. Karibu nusu yetu ni Waislamu, na shehe wetu alisema wazi kwamba hatashiriki. Tulijadiliana wiki tatu. Tukaamua mfuko wa jamii, ule wa msiba na ugonjwa, ukopeshe bila nyongeza yoyote, na asiyetaka riba akope humo, na faida ya mikopo mingine asigawiwe. Shehe akajiunga. Natamani mikutano yote ya kupanga uchumi ingekuwa na subira kama ile.

Mtihani wetu mkubwa ulikuja 2017. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa faranga 930 hivi. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mchuuzi mmoja wa kikundi alikuwa amekopa faranga 300,000 kununua vitenge. Biashara ikamkwamia, tukamwongezea muda, na mwishowe akazirudisha zote pamoja na nyongeza, kama mapatano yalivyosema. Alipomaliza kuhesabu, bibi yule asiyejua kusoma akasema: "Zimerudi zote, lakini zimerudi zimekonda." Nilichukua chaki. Wakati anakopa zilikuwa kama dola 320. Siku ile faranga 300,000 zilikuwa hazifiki 190. Hakuna aliyeiba. Mkopaji alikuwa mwaminifu, mweka hazina mwaminifu, kufuli zote tatu nzima. Hata hivyo akiba ya akina mama 17 ilikuwa imeliwa ndani ya sanduku lililofungwa.

Wengine walitaka tuhamie kwenye dola, kama mabenki ya nchi yetu ambayo zaidi ya asilimia 80 ya akiba zao ni dola. Lakini dola inayofika hapa kutoka kwa wanunuzi wa dhahabu wa Salamabila ikiwa na tundu la ncha ya sindano tu hukataliwa, na mwenye mtaji wa karanga hapati dola ya kuweka kila Alhamisi. Tukabaki na faranga, tukafupisha mikopo iwe miezi mitatu basi, na thamani ya hisa, yaani kipimo cha akiba ya mwanachama, tukakubaliana kuipanga upya kila mzunguko kwa kuangalia bei ya kilo ya mchele. Hiyo ndiyo sera yetu ya fedha. Iliamuliwa na watu ambao akiba yao ilikuwa mbele yao.

Sijidanganyi kwamba nchi ya watu mamilioni inaweza kuendeshwa chini ya mwembe. Sanduku letu haliwezi kujenga daraja wala kununua transfoma. Na lina mpaka ambao hatuwezi kuuvuka: likilindwa vipi, faranga iliyomo ndani yake inatunzwa Kinshasa. Sisi tunashika funguo tatu, na ufunguo wa nne uko kwenye Benki Kuu na wizara ya fedha. Wakiushika vibaya, tunakonda.

Kwa hiyo nina haki ya kuwaomba. Benki ikianza kuchechemea, mwenye akiba aambiwe siku hiyo, kwa Kiswahili, ambacho katiba yetu inakitaja kuwa mojawapo ya lugha za taifa, si kwa tangazo la Kifaransa lililobandikwa kwenye mlango uliokwisha kufungwa. Uwepo mfuko wa kulinda akiba ndogo unaofika hadi Kabambare. Ibara ya 175 ya katiba ya 2006 inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao; mgodi wa Namoya umechimba dhahabu katika ardhi yetu, na barabara yetu bado ni ya kusukuma baiskeli. Sehemu hiyo ifike, na ikifika ihesabiwe kwa sauti.

Mafungu mawili ya noti za Baba bado ninayo. Mengine mchwa waliyala. Nimeyaweka ndani ya sanduku la AVEC, chini kabisa, kwa ruhusa ya wanachama, na kila mwanachama mpya huonyeshwa kabla ya kununua hisa yake ya kwanza.

Waziri wa fedha, wa leo au wa kesho, au gavana wa Benki Kuu akipita Maniema, namkaribisha kwa moyo wangu wote. Tunafungua Alhamisi, saa nane mchana, chini ya mwembe, karibu na shule. Aje na daftari lake, nasi tutamwonyesha letu.